Kila Badiliko kwa Jina la Mwenyekiti

Mzee Sifael alikuwa mwenyekiti wa umoja wa watumia maji, na uenyekiti wake haukuwa na likizo. Mhuri aliutia mfukoni mwa koti, koti akalivaa hata kwenye jua la utosi, na msibani watu wakiandika majina ya waliotoa rambirambi, yeye alitaka kujua karatasi hiyo itapigwa mhuri na nani.

Umoja wenyewe ulikuwa wa ndiva moja tu, bwawa la udongo na mawe walilolichimba mababu begani mwa mlima, juu ya Suji. Usiku kijito hulijaza, kukipambazuka hufunguliwa, na maji yakashuka kwa mfereji kwenda kwenye maharage na tangawizi za watu, kwa zamu. Mwenye zamu ya asubuhi anaikuta ndiva imejaa. Mwenye zamu ya jioni anapata tope, vyura, na pole za majirani.

Toka zamani zamu hizo zilikaa kichwani mwa mgawa maji, mtu mwenye koo zuri aliyesimama ukingoni akaita majina. Mzee Sifael hakuwa na ugomvi na utaratibu huo mpaka siku alipoaibika mjini Same.

Ilikuwa kwenye warsha ya wenyeviti wa maji. Shirika lililowaita liliweka laptopu mbele ya kila mwenyekiti, na binti mmoja mpole akawaomba wazifungue. Mzee Sifael aliivamia yake kwa upande wa bawaba. Akaivuta, akaibana magotini, akajaribu na ukucha, na ilipozidi kukaidi akamwambia yule binti kwa sauti ya mamlaka kwamba hii ya kwake imefungwa na fundi. Mwenyekiti wa Kisiwani, mfugaji aliyekuwa ameketi ubavuni kwake, alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Kicheko hicho kilipanda mlima kabla ya Mzee Sifael mwenyewe. Alipofika nyumbani alikuta wake za watu wanazungumza habari za bawaba.

Kuanzia hapo akawa na haja moja duniani: aonekane mtu anayejua kompyuta. Kuijua kwenyewe hakukumsumbua. Mambo ya kujua ana vijana wa kujua.

Kijana mwenyewe alikuwepo, Vitus, mtoto wa dada yake, aliyemaliza chuo Arusha akarudi nyumbani kungoja ajira, na kungoja huko alikufanya kwa bidii kama kazi. Mjomba wake alimpa chumba, akamwombea laptopu kwa lile shirika, akamwambia atengeneze mfumo wa zamu za maji. Vitus akautengeneza, na si vibaya. Kila jioni mfumo ulimtumia kila mkulima ujumbe kwenye simu, kwamba kesho maji yako ni saa fulani. Mgawa maji akaambiwa apumzishe koo.

Mfumo huo, pamoja na orodha ya zamu, Vitus aliuweka kwenye ghala la waandishi wa programu, ambalo lina tabia yake. Ghala hilo halitupi kitu. Ukibadili mstari mmoja, linauweka wa zamani, linauweka na mpya, na pembeni linaandika nani kabadili, lini, na maneno machache ya kueleza kwa nini. Lakini kwanza linataka jina.

"Mjomba, hapa linauliza jina la anayebadili," Vitus alisema. "Nitie langu?"

Mzee Sifael alimtazama kama mtu aliyeombwa akopeshe meno yake. "Barua ya umoja ilishawahi kutoka kwa jina la karani?"

"Hii si barua, mjomba."

"Inatoka kwenye umoja, haitoki?"

Kwa Wapare mjomba si mtu wa kubishana naye mara mbili. Vitus akaandika: Sifael Mwenyekiti. Na kila alichobadili kuanzia siku hiyo, ghala likasema kimebadiliwa na Sifael Mwenyekiti. Mwanzoni kijana alisikitika kidogo, kama fundi anayejenga nyumba asimoruhusiwa kulala. Baadaye akagundua kwamba kazi isiyo na jina lako ni nyepesi sana kuibeba, na usingizi wake ukaongezeka.

Sasa Vitus alikuwa amempenda Dorkas, binti wa mzee Aminieli, na mzee Aminieli alikuwa na zamu ya jioni. Kila Vitus alipokwenda kusalimu, mzee huyo hakuzungumza lingine ila vyura. Mchana mmoja kijana akafungua orodha, akalitoa jina la Blandina asubuhi akalipeleka jioni, akamleta Aminieli asubuhi. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika: marekebisho madogo. Wiki hiyo aliandaliwa chai yenye maziwa.

Blandina alikuwa mjane mwenye shamba la mwisho kabisa la mfereji, mahali ambapo hata zamu ya asubuhi maji hufika yamechoka. Kwa zamu ya jioni hayakufika kabisa. Maharage yake yalikuwa ndiyo yanatoa maua, na maharage yakikosa maji yakiwa na maua hayamngojei mtu. Alipanda kwa mwenyekiti akauliza kwa adabu zamu yake imekwenda wapi. Mzee Sifael, ambaye hakujua hata kwamba kuna kitu kimehama, alimjibu kwa upole mkubwa kwamba mfumo haukosei, binadamu ndiye hukosea, na akamshauri aombe. Blandina alishukuru, akashuka. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alikuwa akiyaweka.

Mambo yangeweza kubaki hapo, mlimani, kati ya mjomba na mpwa. Lakini shirika liliupenda mfumo, likasema wenyeviti wa Makanya na kwingine nao wauchukue, na ili wauchukue ni lazima ghala liwekwe hewani, kwenye tovuti, kila mtu alifungue na kunakili anachotaka. Mzee Sifael akavaa koti, yeye na Vitus wakateremka Same kwa Abdulmajid.

Abdulmajid alikuwa na duka la fotokopi karibu na stendi. Katika chumba cha nyuma alikuwa na kompyuta moja isiyozimwa mchana wala usiku, inayopepewa na feni ambayo mkewe aliidai nyumbani. Hiyo ndiyo seva, na hapo ndipo ghala lingekaa. Alimpa mzee shikamoo yake, akamkalisha, akaeleza taratibu kwamba kusoma atasoma yeyote mwenye simu, ila kuandika ataandika mwenye ufunguo tu. Kisha akauliza swali moja la kazi: aoneshe mfumo ulivyo leo tu, au na historia yote ya nyuma, kila badiliko lilivyofanywa?

Vitus akawahi kujibu kwamba wa leo unatosha, mtandao wenyewe mzito.

"Jina langu linaonekana wapi?" aliuliza Mzee Sifael.

Abdulmajid alisema kwa ukweli wake kwamba wa leo hauna jina la mtu. Majina yako kwenye historia. Huko Mwenyekiti yuko kila mstari.

"Basi onesha yote, toka siku ya kwanza."

"Mwenyekiti, hata kilichofutwa kitaonekana, na aliyekifuta."

"Ndiyo uwazi wenyewe huo, kijana wangu."

Vitus akaomba maji ya kunywa.

Ghala likapanda hewani, na Mzee Sifael akapanda nalo. Ukurasa ule ukiufungua ulikuwa kama ukuta uliopigwa mhuri juu mpaka chini: Sifael Mwenyekiti, Sifael Mwenyekiti, Sifael Mwenyekiti. Shirika likaandika pongezi, kwamba limefurahi kuona mzee wa rika lake akiandika mfumo kwa mkono wake mwenyewe, na wataleta mtu wa kumpiga picha. Mzee Sifael hakuona sababu ya kuwasahihisha wageni. Alianza kuvaa miwani ya kusomea akitembea. Watu walipozungumza habari za mvua, yeye alizungumza habari za seva. Mwenyekiti wa Kisiwani, yule wa soda, alipiga simu kwa unyenyekevu kuuliza afanyeje, laptopu yake imekwama. Mzee Sifael akavuta pumzi, akamwambia aizime na kuiwasha, jambo alilolisikia kwa Abdulmajid. Ikafanya kazi. Siku hiyo hakula chakula cha mchana, alikuwa ameshiba.

Ubaya wa sifa ni kwamba haitoshi ijulikane mjini. Lazima ijulikane kwa jirani. Mzee Sifael akamwambia Vitus amtumie anwani ya ghala kwenye simu, naye akaisambaza: kundi la kwaya, kundi la wazazi wa shule, kundi la mazishi. Aliandika kila mahali, bofyeni hapa muone kazi ya mwenyekiti wenu. Vitus alimsihi kwa upole asiwachoshe watu. Mjomba akamwambia wivu ni ugonjwa, na kijana asiyefurahia jina la mjomba wake atakuja kujitafutia lake ashindwe.

Watu wakabofya. Wengi waliona majina mengi na herufi za kizungu, wakaandika hongera, wakaendelea na maisha. Blandina hakuandika hongera. Yeye, kama watu walivyokuja kusimulia, alikaa juu ya mfereji wake mkavu na simu ya kioo kilichopasuka, akafungua badiliko moja baada ya jingine bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Mwisho akakutana na mstari mwekundu wenye alama ya kutoa, na ndani yake jina lake. Chini yake mstari wa kijani wenye alama ya kujumlisha, na ndani yake jina la Aminieli. Pembeni, jina la mwenyekiti wake.

Hakumwendea nyumbani. Alingoja siku ya msaragambo.

Msaragambo ni siku ya kazi ya wote. Pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mfereji unasafishwa, na kazi ikiisha watu wanasimama ukingoni mwa ndiva kwa mambo ya maji. Hapo hapakaliwi, wala hakuna ajenda ya kuchapwa. Na kuna sharti ambalo hata watoto wanalijua: neno ulilolisema ukingoni huliondoi. Mzee aliyewahi kusema hapo kwamba shamba fulani si lake, akajuta njiani, alilikosa shamba. Wazee walisema watu wakiruhusiwa kurudisha maneno, maji hayatagawanyika.

Kazi ilipoisha, Mzee Sifael alifika ukingoni na koti lake na miwani yake, akiwa amejiandaa kutangaza habari za mpiga picha. Hakufika mbali. Blandina alinyoosha mkono wenye tope.

"Mwenyekiti, ulitutumia kitu tukisome. Mimi nimekisoma."

Akasoma kwa sauti ya kawaida, ile ya kusoma tangazo la kanisa. Ametolewa Blandina, asubuhi. Ameingizwa Aminieli, asubuhi. Marekebisho madogo. Sifael Mwenyekiti. Kisha akampa simu mtu wa jirani, naye akampa wa jirani, na wenye simu zao wakafungua anwani ile ile waliyotumiwa na mwenyekiti wao kwa juhudi kubwa. Mzee Aminieli akaanza kuchunguza mpini wa jembe lake kama aliyeuona leo.

Mzee Sifael aliona simu ile ikizunguka na kichwani mwake mambo yakaja kwa zamu, pole pole, kama maji ya mwisho wa mfereji. Kwanza alijua kwamba si yeye. Halafu akajua ni nani, maana Vitus alikuwa amesimama nyuma ya wanawake na uso wake umekuwa rangi ya uji. Halafu akajua kwamba kujitoa ni rahisi mno. Angesema neno moja tu: sijui kuandika kitu hicho, sijawahi, mashine ile naiogopa hata kuifuta vumbi. Watu wangemwamini pale pale.

Na hilo ndilo lililomkaba. Wangemwamini pale pale. Akilini alimwona mfugaji wa Kisiwani akiinua soda. Alisikia habari za bawaba zikianza upya, safari hii na nyongeza ya miwani. Mwizi wa maji, alijiambia, ni mtu aliyeteleza. Watu hulaani, hupita, nao wakaja kukopa jembe. Lakini mjinga aliyevaa miwani ya kazi asiyoijua, huyo huchekwa mpaka wajukuu.

Vitus alipiga hatua mbele. "Mjomba, acha niseme."

"Kaa hapo," alisema Mzee Sifael. Akakohoa, akaweka sawa koti. "Ni mimi. Nilibadili mwenyewe, kwa mkono wangu."

Vitus alifumba macho. Watu wa kawaida wakikiri wizi huinamisha kichwa. Mzee Sifael alikuwa ameinua chake, na hata alikuwa akimulikwa na kitu kinachofanana na fahari.

Blandina alitikisa kichwa kukubali. Alisema vema, mwenye kosa amekiri, faini ya kuchezea zamu inajulikana, ni mbuzi. Lakini maharage yake hayali mbuzi. Kwa kuwa Mwenyekiti alibadili kwa mkono wake, basi arudishe kwa mkono wake, hapa, wote wakiona, ili kesho ujumbe uje sawasawa. Laptopu si ipo kwenye mfuko wa Vitus?

Ilikuwepo, maana Mwenyekiti alitaka ionekane atakapotangaza habari za mpiga picha. Ikawekwa juu ya jiwe la kunolea majembe, imekwisha kufunguliwa, ikiwaka, na orodha ya zamu imejipanga kwenye kioo. Mzee Sifael alikaa mbele yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisogeza, akaivua tena. Akasema jua ni kali, haoni. Mama mmoja akashika kanga akamtilia kivuli. Akasema mtandao wa huku haufai. Vijana wakamwonesha simu zao, mtandao umejaa. Akasema vidole vina udongo. Akaletewa maji kwenye kata, akanawa kama bwana harusi.

Vitus alichuchumaa pembeni akanong'ona kwamba mshale uko tayari kwenye jina la Aminieli, la kwanza kwenye orodha, agonge kitufe cha kufutia mara chache tu. Mzee Sifael alisikia kufuta, mara chache hakusikia. Alikitafuta kitufe kwa kidole kimoja, akakipata, na kwa sababu maishani mwake kitu cha nguvu hushikwa kwa nguvu, akakikandamiza asikiachie. Jina la Aminieli likaondoka. Likaondoka na la chini yake, na la chini zaidi. Majina yakawa yanamezwa moja baada ya jingine, baba za watu, wajane, shamba la kanisa, na Mzee Sifael akiyatazama yanavyokwenda bila kuweza kuinua kidole, kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Kioo kikabaki cheupe.

"Mjomba, usihifadhi," Vitus alisema.

Mzee Sifael hakujua kuhifadhi kunafanywaje, kwa hiyo hakuhifadhi. Alikaa tu na kidole chake. Nyuma yake mtu alianza kucheka, akazibwa mdomo na mkewe.

Hapo Vitus akashindwa kuvumilia. Alisimama akasema mbele ya wote kwamba mjomba wake hajui hata kuiwasha, kwamba jina tu ndilo la mjomba, kazi yote ni yake yeye, na zamu ya mama huyu aliihamisha yeye, kwa sababu anazozijua mzee Aminieli. Alisema haraka, kama anayetapika. Akachukua laptopu, akayarudisha majina yote kwa kufumba na kufumbua, akamrudisha Blandina asubuhi, akageuza kioo watu waone.

Mzee Sifael alingoja kicheko. Hakikuja, na kutokuja kwake kulimwogopesha kuliko kingekuja. Aliwatazama watu wake usoni, mmoja mmoja, na hakuona hata mmoja aliyeshangaa.

"Tulijua, Mwenyekiti," Blandina alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Toka siku ya warsha tunajua. Nilitaka tu uteme mwenyewe: sijui. Kwa neno hilo ningekuachia hata mbuzi."

"Basi nimesema sasa," alisema Mzee Sifael. "Sijui."

Lakini yule mgawa maji wa zamani, ambaye koo lake lilikuwa limepumzika vya kutosha, alisafisha sauti akakumbusha sharti. Mwenyekiti alikwisha kusema ukingoni kwamba ni yeye, kwa mkono wake. Neno hilo liko hapo. La pili limepokelewa pia, liwekwe kando yake. Kwa hiyo umoja una mwenyekiti aliyeiba zamu na asiyejua kompyuta, yote mawili, na mbuzi aje kabla jua halijazama. Vitus akapewa jembe na mfereji wa Blandina, auzibue peke yake mpaka mwisho, na alipoomba apumzike, mzee Aminieli alijifanya hakumsikia.

Uenyekiti waliuacha mikononi mwake. Walisema mwenyekiti mpya wangeanza kumchunguza upya, na huyu angalau hana tena cha kuficha.

Mbuzi aliliwa pale pale ukingoni. Mzee Sifael naye akakatiwa fungu lake kwenye sahani, maana alikuwa amelima mfereji kama wengine, na hiyo ni haki ya msaragambo. Mkewe, Asteria, alikaa karibu naye akimwondolea mifupa midogo. Mbuzi alikuwa wake, aliyemlea toka mdogo.

"Baba Wilbard," alisema taratibu, watu wasisikie. "Neno moja tu lile, ungelisema mwanzoni, lingekupunguzia nini?"

Mzee Sifael alitafuna, akameza, akafikiri kwa uaminifu wote aliokuwa nao.

"Mbuzi watazaa wengine," alisema.

Asteria akaichukua ile sahani ya nyama, ikiwa bado nusu, akampelekea Blandina.